Nzuri Tu, Asante

Watu wa mji wetu, Ravensclough, hawalalamiki. Kinyozi akimkata mtu sikio, mtu atalipa, atasema kazi nzuri, kisha kinyozi hatamwona tena mpaka afe. Mimi ni mmoja wao, kwa hiyo simsengenyi mtu hapa, najisema na mimi mwenyewe. Na ubaya wa tabia yetu hii niliuona kwa macho yangu Jumapili mbili za mwezi wa Mei, katika baa ya Farasi Kilema, kwa Wilf na Enid Garside.

Wilf alikuwa na miaka sitini na sita, na ishirini na mitatu kati ya hiyo alikuwa nyuma ya kaunta ile. Bia yake ilikuwa ya pipa, bia hai, inayoletwa bado inachachuka na kulazwa chumba cha chini siku mbili tatu mpaka itulie, ndipo ivutwe juu kwa mkono wa pampu. Pipa likishafunguliwa una siku tatu, nne ukibahatika. Baada ya hapo inageuka siki, na hakuna mashine ya kukuambia imegeuka. Ni pua yako na ulimi wako tu. Watu walitoka miji mingine kuja kunywa pale kwa sababu ya pua ya Wilf, kama ilivyokuwa kwa baba yake kabla yake.

Mkewe, Enid, alipika supu na pai na kuosha glasi, na hakuwahi kuonja hata tone. Baba yake aliuawa na ulevi. Alipokuwa na miaka kumi alitia sahihi kiapo kanisani, kwa Wamethodisti, kwamba pombe haitapita kinywani mwake. Tulimtania sana. "Mama Enid, leo nusu glasi tu, kulainisha koo!" Naye hujibu bila kugeuka: "Koo lako ndilo bovu, langu zima."

Jumapili saa nane mchana ilikuwa saa ya muziki. Hakukuwa na jukwaa wala kiingilio. Wanamuziki walikaa duara karibu na meko, kila mtu na chombo chake, wakapiga nyimbo za zamani na kunywa. Thelma Ackroyd, mwalimu mstaafu, ndiye aliyeanzisha kwa fidla, na Norris, fundi bomba mwenye kifua kipana, akamfuata kwa kodiani yake ndogo. Thelma na Wilf walisoma shule moja tangu wakiwa watoto. Mimi hukaa karibu na mlango, sipigi chochote, kazi yangu ni kusikiliza.

Jumapili ya kwanza, Enid aliona jambo kwenye sinia lake. Glasi za wanamuziki zilikuwa zinarudi jikoni na bia nusu. Jamani, mwanamuziki kuacha bia! Hawa walikuwa watu wa kurudisha povu peke yake, na hata povu wakilifukuzia kwa kidole. Akatoka kufuta meza, akamkuta Norris amejibana dirishani, glasi imeinama juu ya chungu cha ua.

"Norris, bia vipi leo?"

"Nzuri tu, mama. Nzuri sana, asante."

"Mbona ua langu limekauka?"

"Jua hilo," Norris akasema. Nje mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri.

Kabla Enid hajauliza la pili, dada mmoja mgeni, mwenye viatu vya kupandia milima, alisogea kaunta na glasi yake. Alikuwa amenywa funda moja tu. "Samahani sana," akasema kwa sauti ya chini, "labda ni mimi, sijui, lakini naona kama ina uchachu kidogo."

Sasa, hilo lina utaratibu wake, na kila mwenye baa ya heshima anaujua. Mteja akirudisha bia, unainua glasi kwenye mwanga, unanusa, unaonja, unaimwaga na kumpa nyingine, wala hubishani naye. Wilf aliinua, akanusa, akaonja. Akaiweka mbele ya yule dada.

"Haina kitu hii," akasema. "Ndivyo ilivyo bia ya kweli, binti. Pengine umezoea ya kopo."

Fidla ya Thelma ilinyamaza katikati ya wimbo. Yule dada akawa mwekundu mpaka masikioni. Na unajua alifanya nini? Aliomba radhi. Yeye! Akasema samahani mara tatu, akavaa koti lake na kutoka mvuani. Tulikuwa watu kumi na tano mle ndani, wote tulikuwa na uchachu ule ule kinywani, na hakuna aliyefungua mdomo. Thelma akaanza wimbo mwingine, kwa nguvu kuliko kawaida, na sisi tukapiga makofi.

Jumanne ilikuja barua. Haya mengine Enid mwenyewe alinisimulia baadaye, kwa hiyo nayasema kama yalivyo.

Barua ilitoka kwa Bwana Lumb, mwenye kiwanda cha bia na mwenye jengo. Alikuwa ameandikiwa na "mteja wa siku nyingi" asiyetaja jina, kwamba bia ya Farasi Kilema imeharibika tangu majira ya baridi. Angekuja Jumapili mchana kuionja mwenyewe. Mkataba wa pango, aliwakumbusha kwa heshima zote, unamtaka mwenye baa kuitunza bia katika hali njema. Akishindwa, mkataba unavunjwa. Baa ikiondoka inaondoka na vyumba vitatu vya juu walimoishi, kitanda cha Enid, na dirisha alilozoea kukaa akishona.

"Fitina," Wilf akasema, akaikunja barua. "Mtu ana wivu wake."

"Nani atakuonea wivu wewe, mwenye magoti mabovu?"

"Bia yangu ni safi, Enid. Inameta. Nimeitazama mimi mwenyewe."

"Umeitazama," Enid akasema. Neno lile likamkaa.

Alianza kuunganisha mambo. Mwezi uliopita aliunguza mkate, jikoni moshi tele, Wilf anasoma gazeti na kuuliza kama kifungua kinywa bado. Juzi alikaanga maini na vitunguu, harufu inafika mpaka barabarani, naye akaingia na kuuliza leo tunakula nini. Mtu umelala naye miaka arobaini, unaweza kumwona kila siku usimwone.

Saa nne asubuhi ya Jumatano alimwandalia chai kama kawaida, maziwa na sukari mbili. Halafu akachukua chupa ya siki, ile ya kutia kwenye chipsi, akamimina kijiko, akasita, akamimina na cha pili. Maziwa yakakatika yakaelea vipande vipande, naye akayakoroga na kuweka kikombe mbele ya mumewe aliyekuwa anasoma gazeti.

Wilf akanywa. Akageuza ukurasa, akanywa tena, mpaka nusu.

"Chai nzuri," akasema.

Enid alikaa chini akafunika uso kwa aproni. Wilf akamtazama mkewe, akakitazama kikombe, akaona vile vipande vya maziwa. Hakuwa mjinga. Akakisukuma kando polepole.

"Tangu lini?" Enid akauliza.

"Yale mafua ya Februari."

"Miezi mitatu! Miezi mitatu unakula chakula changu unasema kitamu?"

"Nilidhani pua itarudi. Daktari alisema wengine inarudi." Alikuwa anaongea na meza. "Hakuna kitu, Enid. Pai yako, sabuni, bia, vyote sawa. Kama kutafuna gazeti. Nakwenda kule chini nazungukia mapipa kwa kalenda na macho, kama kipofu anayehesabu ngazi."

"Na hukuniambia mimi."

"Ningesema nini? Mimi ni pua hii tu. Baba aliniachia hii tu. Nikisema sinusi, nimekwisha, wataniwekea bia za kopo humu na kunipigia makofi ya kuniaga."

Enid akamwambia wamwombe Thelma aje aonje kabla ya Jumapili. Thelma ana ulimi mzuri, na ni rafiki. Wilf aligonga meza kwa kiganja. "Thelma hapana! Thelma ndiye wa mwisho kujua." Wahenga wamesema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini jaribu kumwambia hivyo mtu mwenye fahari yake.

Mpango wake ulikuwa huu: Ijumaa afungue pipa jipya kabisa. Pipa la siku mbili haliwezi kuwa bovu, kalenda inatosha. Akachagua lililokwisha tulia, akalitoboa na kulipigilia bomba lake la shaba, lile lile lililotoka kwenye pipa la zamani. Alikuwa amelisuuza kwanza, akalishika kwenye taa, likameta. Uchachu uliokuwa umeganda ndani ya koo la bomba lile, mtu mwenye pua angeusikia akiwa bado mlangoni.

Jumamosi Wilf alipokwenda kununua nyama, Enid alitoa ufunguo katika koti la kazi la mumewe, akashuka chumba cha chini. Hakuwahi kushuka kule ila kufagia. Alichukua vikombe viwili vya chai, akakinga kimoja kwa kuinamisha pipa la zamani lenye masalia tu, na kimoja kwenye bomba la pipa jipya. Akasimama kwenye baridi ile, mwanamke wa miaka sitini na minne, akasema kwa sauti, "Mungu wangu, nisamehe," akanywa.

Kilikuwa kichungu, akataka kutapika. Akanywa cha pili. Nacho kilikuwa kibaya. Akarudia cha kwanza, akarudia cha pili, akitafuta tofauti kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Vyote vibaya! Atajuaje kibaya kilichoharibika na kibaya kilicho salama? Alikaa kwenye pipa tupu akacheka, na kicheko kikageuka kilio. Alimfikiria baba yake. Kumbe ni hiki, alijiambia. Kumbe ni kwa kitu hiki kisicho hata na utamu alituacha na njaa. Kiapo cha miaka hamsini na minne alikuwa amekivunja, na hakikumsaidia mumewe hata kidogo.

Bwana Lumb alifika Jumapili saa nane na nusu, mtu mdogo mwenye tai, akaning'iniza koti lake mwenyewe na kusema asihangaikiwe. Muziki ulikuwa umeanza. Habari za barua sote tulikuwa nazo, maana Ravensclough haina siri ila zile za kusemana usoni.

"Nusu glasi tu, Bwana Garside."

Wilf akavuta mkono wa pampu. Bia ikaja safi, rangi ya asali, na povu lake dogo. Akaisogeza kwa vidole viwili. Enid alisimama mlango wa jikoni ameshika taulo la vyombo.

Lumb akanusa. Akaonja, na shingo yake ikaruka ndani ya tai. Sote tuliona. Lakini naye ni mtu wa huku huku, mama yake amezaliwa mtaa wa pili. Aliiweka glasi chini, akaitazama sana.

"Ina... ina tabia yake," akasema.

"Ndiyo, bwana," Wilf akasema. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

Lumb akatugeukia. "Na ninyi wenyeji? Mnaionaje?"

Ningeweza kusema wakati ule. Sikusema. Nilisikia sauti yangu ikiungana na nyingine: nzuri, nzuri sana, haina neno. Tulidhani tunamwokoa. Norris, kwa upendo wake wote, akasimama na painti yake nzima, glasi ile ya zaidi ya nusu lita, akaiinua kwa Wilf, akaanza kuinywa yote mbele ya Lumb. Funda la kwanza, la pili, la tatu. Macho yake yakajaa maji. Shingo ikawa inafanya kazi kama ya mtu anayemeza dawa ya minyoo.

Wilf alimtazama. Miaka ishirini na mitatu ya kumimina bia inakufundisha koo linalofurahi na koo linalojikaza, na kwa hilo huhitaji pua. Aliangalia koo la Norris, akaangalia glasi zetu mezani, zote zimejaa, akaangalia lile ua lililokufa dirishani. Uso ukambadilika. Wakati wote alidhani siri ni yake, kumbe ilikuwa ya baa nzima.

Akatoka nyuma ya kaunta, akamnyang'anya Norris glasi ikiwa robo.

"Acha, kaka. Utaugua."

"Nzuri tu, Wilf," Norris akasema, akikohoa.

"Usiniambie nzuri!" Sote tulishtuka. Hatukuwahi kumsikia Wilf akipaza sauti. "Sinusi, Bwana Lumb. Tangu Februari sinusi wala sionji. Mke wangu alinitilia siki kwenye chai nikamsifu. Nimewauzia watu hawa uchafu kwa pesa zao, na wao wameniambia asante. Asante!" Akatuzungukia mmoja mmoja. "Lakini ninyi pua zenu nzima. Miezi mitatu! Hata mmoja? Mmoja tu?"

Mvua ilisikika kwenye vioo. Thelma alilaza fidla yake mapajani, kisha akasimama, akaiweka kitini.

"Barua niliandika mimi," akasema.

Enid akaachia taulo. Wilf alikuwa kama hakusikia. "Wewe, Thelma?"

"Mimi."

"Unakaa hatua nne kutoka kaunta yangu. Tumesoma darasa moja. Ukaona heri uniandikie barua ya kunitoa nyumbani kwangu, kuliko kuvuka hatua nne?"

"Sikujua atataja mkataba. Nilidhani atakuja akusaidie, akuelekeze." Mwalimu yule aliyetisha watoto wa mji mzima alikuwa analia wazi, hajifuti. "Kila Jumapili nilijiambia leo namwambia. Nikikuona unavyonitazama nikionja, nashindwa. Nilikuonea huruma, Wilf."

"Huruma gani ya kunyongana hiyo?" Enid akasema kutoka mlangoni. "Mimi nilivunja kiapo changu kumtafutia ukweli, nawe ulikuwa nao mdomoni!"

Bwana Lumb aliangalia viatu vyake. Wilf akaenda kwenye duara la wanamuziki, akachukua painti ya Thelma, ile aliyokuwa ameigusa tu, akamshikisha mkononi.

"Haya. Niambie sasa."

Thelma akanywa. Akameza. "Si nzuri," akasema.

"Sisikii."

"Mbaya."

"Nimepoteza pua, sasa masikio nayo yanakufa. Sema nisikie!"

"Ni mbaya, Wilf! Siki tupu! Ya wiki iliyopita ilikuwa mbaya zaidi, na ya Pasaka nilikwenda kutapika nyuma ya kanisa!"

Mtu mmoja alicheka, nadhani ni Norris, kisha akajificha nyuma ya kodiani. Wilf hakucheka. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyetolewa jino. Akarudi nyuma ya kaunta, akashika kile kibao cha jina la bia kilicho kwenye mkono wa pampu, akakigeuza kikatazama ukuta. Wanywaji wote wanajua maana yake: bia hii haipo.

"Pipa ni jipya?" Lumb akauliza. Sasa sauti yake ilikuwa ya kazi.

"La Ijumaa."

"Basi ni bomba. Ulilichemsha?"

"Nililisuuza. Lilimeta."

"Linameta!" Lumb akasema, akakuna kichwa. "Bwana Garside, siwezi kumpa baa mtu asiyeonja. Unalijua hilo, ungefanya hivyo hivyo ungekuwa mimi."

"Ningefanya," Wilf akasema. Enid alimsogelea akamshika mkono, na hapo ndipo nilipoona walivyokuwa wamezeeka.

"Lakini mkataba unasema mwenye baa atunze bia. Hausemi lazima aionje yeye." Lumb akamgeukia Thelma. "Wewe unayeandika barua. Utakuwa hapa kila asubuhi kabla hajafungua? Si Jumapili tu. Kila asubuhi."

Thelma akamtazama Wilf. "Akinitaka."

Ilimgharimu Wilf. Mtu asikudanganye kwamba haikumgharimu. Wilf alitoa ufunguo wa chumba cha chini mfukoni, ule ambao hakuwahi kumpa hata mkewe, akaushika kiganjani muda mrefu.

"Ukija hapa kunionea huruma," akamwambia Thelma, "nitakufukuza na fidla yako."

"Sitakuonea."

"Sawa." Akauweka ufunguo kwenye kaunta, akaondoa mkono wake.

Lumb aliwapa mpaka Krismasi kuonyesha kwamba mpango huo unafaa, akavaa koti, akasema asisindikizwe. Thelma akashuka na Enid kwenda kuchemsha bomba. Walikaa kule chini robo saa, na tulisikia sauti ya Enid ikipanda na kushuka, yale aliyomwambia ni yao wawili. Walipopanda macho yao yalikuwa mekundu, na Enid alikuwa amembebea mwenzake ndoo.

Hapakuwa na bia ya kuuza. Norris alikunywa maji kama ng'ombe. Hakuna aliyeondoka, na Wilf alisimama nyuma ya pampu yenye kibao kilichogeuzwa, mikono haina kazi. Enid akamtoa pale kwa kumshika kiwiko, akamkalisha kwenye benchi letu karibu na mlango, akakaa naye.

"Pigeni kitu," akasema Enid. "Kirefu."

Thelma akachukua fidla, akaanza, na Norris akaingia. Wilf alisikiliza ameinamisha kichwa. Wimbo ulipokwisha alibaki vile vile, kisha akamwambia mkewe, kwa sauti niliyoisikia mimi niliyekuwa jirani: "Miaka yote hii sijawahi kuusikia mwisho wa huu. Kila mara mtu alikuwa anaita bia."